Shaha la Mnazi Ulioanguka

Kimbunga kilipopita, madarasa matatu ya shule yetu, upande wa Marafa, yaligeuka malazi ya watu waliopeperushiwa mapaa. Mimi nilijitolea kuandika hasara: nyumba, mbuzi, mihogo, minazi. Wiki mbili baadaye wote walikuwa wamerudi kwao isipokuwa hawe, yaani nyanya yangu. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Mwalimu mkuu, mtu wa bara mwenye haya, alikuja kila asubuhi kumpa shikamoo, akaondoka bila kuthubutu kumwambia ahame.

Makuti yalikuwa tayari, majirani walikuwa tayari. Aliyekataa ni hawe mwenyewe. Kwetu ukiitisha mweria, watu wakaja kukusaidia kazi, huwaachi warudi na njaa. Naye alikuwa amebakiwa na kibaba kimoja cha unga wa msaada.

"Hawe, watakuja na chakula chao," nikamwambia.

"Nyumbani kwangu? Basi na mie wanilishe kwa kijiko kabisa!"

Jumamosi asubuhi akataka nimsomee daftari langu. Nilipofika "minazi minne, imeanguka, hasara", akanikatiza.

"Nani kakwambia hasara? Shaha umelitoa?"

Shaha ni ule moyo mweupe ulio kileleni mwa mnazi. Hauliwi ovyo, maana kuutoa ni kuua mti. Minazi minne ilikuwa imelala uani kwake, mizizi mingine ingali mchangani, na sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa tukiiruka kama magogo.

"Lete shoka," akasema, "kisha kawaite watu."

Kufikia saa sita masufuria mawili ya shaha kwa tui yalikuwa yameiva, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa paa kabla ya kula. Sahani ya kwanza alipewa mwalimu mkuu. Akaonja, akaonja tena.

"Nyanya, hii nitaipata wapi siku nyingine?"

"Omba kimbunga kingine, mwalimu."

"La, heri nife njaa!"

Watu waliangua kicheko. Hawe alizunguka na upawa, akiwajazia hata walioapa kwamba wameshiba, mpaka sufuria la pili likakwaruzwa. Ndipo alipoegemeza ngazi ukutani, yeye mwenyewe.

"Sasa pandeni," akasema. "Na wawili wakanitolee kitanda darasani. Watoto wa watu wanataka kusoma."