Kondo Lililopita Mbele Yangu

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa dresa katika zahanati ndogo ya Unyaturu, si mbali na msitu wa Mgori. Dresa kazi yake ilikuwa kufunga vidonda na kugawa kwinini, lakini mimi nilijiona daktari kamili. Nilikuwa nimepelekwa hospitali ya misheni miezi michache kujifunza, nikarudi na kaptura nyeupe na kiburi kisichotoka hata kwa sabuni.

Katika yote niliyofundishwa kule, lililonishika ni kondo la nyuma. Nesi mmoja wa Kizungu, mama mfupi mwenye sauti kali, alilitandaza mbele yetu kwenye beseni na kutulazimisha tulishike. Upande uliomwelekea mtoto ulikuwa laini, unang'aa, na mishipa imetawanyika kutoka penye kitovu. Upande uliokuwa umeshikana na mama ulikuwa mwekundu mzito, umegawanyika vipande vipande kama udongo wa mbugani unavyopasuka wakati wa kiangazi. Akakikata kitovu na kutuonyesha matundu matatu: mshipa mmoja humpelekea mtoto damu safi, miwili huirudisha iliyokwisha kutumika. Damu ya mama na damu ya mtoto, alisema, hazichanganyiki. Zinapita jirani, katikati pana utando mwembamba, na hapo chakula na hewa huvuka kwenda kwa mtoto, taka zikavuka kurudi kwa mama. Mimi mpaka siku ile nilidhani mtoto tumboni hula kwa mdomo. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa nyumba nzima aliyokuwa akiijua kwa nje tu.

Kisha akatufundisha la muhimu. Kondo likishatoka lioshwe, lilazwe mahali pa tambarare, na vile vipande visogezwe vikutane. Pakibaki pengo, ujue kipande kimeng'ang'ania ndani. Mfuko wa uzazi hautaweza kujikaza na kuifunga mishipa iliyoachwa wazi, na mama atavuja damu mpaka aishe.

Basi niliporudi nikawa mkali kama pilipili. Kwetu kondo lilizikwa upesi zizini, na mwanamume hakulitazama. Mimi sikujali. Vikongwe waliokuwa wakizalisha tangu baba yangu hajaoa niliwafokea mbele za watu: msizike kabla sijaona! Walinisengenya sana, lakini waliniletea, kwenye vibuyu na vigae, na mimi nilikagua huku nimekunja uso kama hakimu.

Mke wangu aliposhika mimba ya kwanza alikwenda kujifungulia kwa mama yake, safari ya siku moja kwa miguu kutoka zahanati. Niliomba ruhusa nikamfuata. Ilikuwa katikati ya mvua, mito imejaa. Sasa, mwanamume wa kwetu akifika kwa mama mkwe huwa mtu mwingine kabisa. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, na habari za uzazi hazitajwi. Dresa yule mkali alibaki zahanati. Aliyefika pale alikuwa mkwe mwenye adabu zake.

Jua lilikuwa limepanda kidogo niliposikia kichanga kikilia ndani ya tembe. Mtoto wa kike. Haukupita muda, mama mkwe akatoka, kaniki yake imelowa, mikononi amebeba kigae cha chungu kilichofunikwa majani. Nilijua ni nini. Alipita hatua tatu kutoka nilipokaa, akielekea zizini. Akapunguza mwendo kidogo.

Nikageuza uso nikatazama ukuta.

Aliporudi mikono mitupu nilimwuliza, uso bado ukutani, "Mama, yote yamekwenda salama?"

"Salama, baba," akajibu.

Nikashukuru. Nikaletewa uji, nikanywa. Uji huo nauchukia hadi leo.

Alasiri nikamsikia mke wangu akiomba maji, akaomba tena, akaomba tena. Nikaingia bila kubisha hodi. Ngozi aliyolalia ilikuwa imelowa chapachapa. Nikamkanda tumbo, nikamweka mtoto kifuani anyonye, maana kunyonya hukaza mfuko wa uzazi. Damu ikapungua, nami nikajidanganya kwamba imekwisha. Kesho yake asubuhi ikarudi kwa nguvu.

Ndipo nikachukua jembe nikaenda zizini, watu wote wakinitazama. Nikachimba juujuu, halafu nikalifukua kondo kwa mikono ndani ya samadi. Nikaliosha, nikalilaza juu ya jiwe bapa, nikasogeza vipande. Vikakutana vyote isipokuwa mahali pamoja ukingoni, pengo la kuenea vidole viwili.

Kuliona pengo nilifundishwa. Kukitoa kilichobaki ndani hakuna aliyenifundisha. Hiyo ilikuwa kazi ya daktari, na daktari alikuwa hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto. Tukamweka mke wangu kwenye machela, wanaume wanne wakabeba, mimi nikitembea ubavuni. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamefurika, magogo yanapita. Tukamlaza ukingoni tungoje yapungue. Kama maji yangepungua kwa amri yangu, ningeamuru. Sikuwa na amri juu ya kitu chochote.

"Umelifukua," akaniambia. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Lilikuwa zima?"

"Zima," nikasema.

Alinitazama, akafumba macho. Alinijua vizuri mno hata asiniamini. Alikata roho kabla jua halijageuka, na maji hayakuwa yameshuka hata kiasi cha kidole. Tulimrudisha kwa njia ile ile.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumuaga mama mkwe. Alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani, akimdondoshea maziwa ya mbuzi mdomoni. Nilisimama mbali, nimeinamisha kichwa kama inavyopasa.

"Nitazame," akasema.

Nikainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake.

"Wanawake wanasema kule kwenye nyumba ya dawa kondo halizikwi mpaka wewe ulione."

"Ndiyo, mama."

"Habari hiyo nilikuwa nayo siku nyingi. Ndiyo maana sikuzunguka nyuma ya nyumba. Nilipita pale ulipokaa ili uniambie nisimame."