Neno la Kukiombea Kisiwa

Mke wa mwanangu alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi, ambacho hadi leo kiko chini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa akigombea kiti katika baraza la kisiwa, kwa chama kinachotaka watu wa kule wajiamulie mambo yao bila kujitenga na Ufaransa. Alikwisha kushindwa mara mbili. Safari hii wenzake walimwambia waziwazi kwamba akishindwa tena, nafasi yake atapewa mwingine.

Jumapili moja kabla ya uchaguzi, binti huyo alisimama kanisani kwetu Brooklyn Center, hapa Marekani, kutuomba sala. Simu aliishika juu, na baba yake alikuwa hewani akitutazama. Kiswahili amejifunzia mezani kwangu, kwa hiyo makosa yake mengi ni yangu. Alieleza vizuri mpaka alipofika kwenye lile dai lenyewe la chama, akakwama.

"Baba, tunasemaje?" akaniuliza.

Kabla sijafungua kinywa, mzee wa kanisa kutoka Kenya aliruka kutoka benchi la nyuma. "Uhuru! Sema uhuru, dada!"

"Uhuruuu!" kanisa zima likaitikia. Vigelegele vikapanda. Hata mimi nilipiga makofi, kwa maana neno hilo likitajwa, mtu wa umri wangu hawezi kukaa kimya.

Binti alishika kichwa. "Siyo uhuru! Jamani, siyo uhuru! Wapinzani kila siku wanasema chama cha baba kimeuficha uhuru mfukoni, na watu wanaogopa. Hii ikisikika kule, baba amekwisha!"

Mama mmoja Mkongo, anayetutafsiria Kifaransa, alinigeukia. "Papa, fanya haraka. Kanisa lako linaua kura za mkwe wako."

Nikaenda mbele bila neno lolote. Lakini nimefundisha katekisimu miaka mingi, na Mungu amenifundisha kwamba neno likikosekana, mfano haukosekani.

"Ndugu zangu," nikasema, "kijana akioa hujenga jiko lake. Hahami boma. Lango ni lile lile, baba ni yule yule, na msiba ukitokea mnalia pamoja. Lakini chumvi ya mboga yake anaipima mwenyewe. Tuwaombee hawa wapate jiko lao."

Mama Mkongo akatafsiri kwenye simu. Kicheko kikubwa kikatoka upande wa pili.

"Anasema amezunguka kisiwa kizima akieleza sheria, watu wakasinzia," mama akatuambia. "Anauliza kama mzee atamruhusu aichukue hiyo chumvi."

"Mwambie achukue, ni bure."

"Ila kelele atuachie sisi," akadakia mzee Mkenya.

Wiki hiyo tulitumiwa video ya mkutano wake wa mwisho. Wanawake walikuwa wakipunga miko hewani na kurusha chumvi, naye mkwe wangu jukwaani akicheka kama bwana harusi. Niliitazama mpaka mke wangu akaninyang'anya simu.

Siku ya kura tulijazana sebuleni baada ya ibada, viatu vyenye theluji vimerundikana mlangoni. Matokeo yalikuja mji baada ya mji. Alitangulia, akapitwa, akakaribia. Nilifumba macho nikasali, kisha nikafumbua jicho moja kuchungulia. Ulipobaki mji mmoja, hakuna aliyegusa pilau.

"Amepita!" mama Mkongo akapiga kelele. "Papa, mkwe wako amepita!"

Chama hakikupata viti vya kutosha kuliongoza baraza, lakini yeye alikuwa ndani. Mzee Mkenya alinikumbatia mpaka miwani yangu ikadondoka. Nikamtafuta binti, nikamkuta jikoni amempakata mwanawe, analia.

"Ni furaha, baba," alisema. "Ila aliniahidi akishindwa atakuja kukaa nasi huku, amwone mjukuu. Sasa hawezi tena."

Nilimshukuru Mungu kwa ushindi ule, na kwa machozi yale pia. Kisha nikauliza, "Huko kwenu kuna baridi?"

"Hakuna kabisa."

"Basi mjukuu atapelekwa. Na mimi nitambebea begi."