Nilivyotafsiri Chai

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kuwabembeleza mabalozi. Mkubwa wetu mmoja alitaka uenyekiti wa chombo cha kimataifa cha kupambana na hongo, na kila nchi mwanachama ilikuwa na kura moja. Basi tukawa tunazunguka: leo tunawalisha mchana, kesho tunaahidi kuwaunga mkono kwenye kiti chao ili nao watuunge kwenye chetu. Hiyo haikuitwa hongo. Iliitwa kampeni, na mimi nilikuwa mkalimani wake.

Mgombea wetu alipotaka mabalozi wamwone akiwa na wananchi, mimi mjuaji nikapendekeza kikundi cha kina mama wa Bisil, Yeyo akiwemo. Yeyo ni mama yangu mzazi. Nilifikiri atauza shanga zake arudi nyumbani amefurahi. Nilijua faili ya shamba lake imekwama tangu baba afariki. Sikujua ni nani aliyeikalia.

Tuliketi kwenye hema, katika hoteli moja mjini Kajiado. Yeyo alipopewa maikrofoni alimtazama mgombea, kisha akaacha Kimaa, lugha yetu ya Wamaasai, akaongea Kiswahili, akidhani wageni watashika hata maneno mawili.

"Huyu mzee namjua. Mimi niko na faili kwa ile ofisi yake ya zamani tangu bwana yangu akufe. Kila nikienda, ananiitisha chai. Sina, narudi. Waambie, mtoto yangu. Si hawa ndio watu wa kukataza hongo?"

Wakenya wote hemani waliangalia chini. Mabalozi walinigeukia wakitabasamu, wakingoja. Mgombea naye alinitazama, wala hakukunja uso. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria nyumba yangu ya Kitengela iliyobaki kuezekwa.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu mjane anamfahamu mgombea tangu zamani, na kwamba kila alipokwenda ofisini kwake, chai haikukosa kutajwa. Chai, nilisema, ile ya kunywa. Faili nikaimeza.

Mabalozi wakapiga makofi. Mmoja wao akatoa kalamu akaandika kabisa. Kiongozi anayekunywa chai na wajane! Yeyo akadhani wamemsikia, akawabariki kwa Kimaa huku machozi yakimtoka. Mgombea aliirudia hadithi hiyo kila mahali mpaka akashinda.

Wiki iliyofuata dereva wake alinipata Kitengela, akanikabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na hati ya shamba, jina la Yeyo limeandikwa bila kosa. Hakukuwa na barua wala salamu. Nilikaa nayo siku mbili nikijua vizuri ninalipwa kwa kazi gani. Nikiirudisha, nampokonya mama shamba. Nilijichukia, na bado niliipeleka Bisil.

Jumapili Yeyo alisimama kanisani akiwa ameinua hati juu, akatoa ushuhuda. Alisema mtu asiogope kusema ukweli mbele ya wakubwa, maana wanasikia.

"Na huyu mtoto yangu," akasema, akinishika mkono ili kila mtu anione, "hakuogopa. Aliwaambia yote vile nilisema."

Kanisa zima likaitikia amina. Nami nikaitikia.