Kuvu Iliyosahau Sumu Yake

Oddlaug Rognstad alikuwa akizalisha mbegu za oti, nafaka ya uji, katika kituo chetu cha utafiti cha Stange, Norwe, tangu ujana wake. Hatimaye mbegu moja ilifaulu jaribio la mwisho: tuliipulizia kuvu ya masuke, ile inayoacha sumu ndani ya punje, na punje zikatoka safi. Ijumaa hiyo tulioka wafeli, vikeki bapa vya sherehe, na mkuu wa kituo, Sigbjørn, akampongeza mbele ya wote.

"Mmepulizia kuvu gani?" Oddlaug akauliza.

"Bestefar, nani mwingine?" tukamjibu.

Bestefar, yaani babu, ndilo jina tulilokuwa tumeipa kuvu ya kituo. Tuliilisha kwenye visahani vya jeli yenye sukari na kuihamisha kutoka kisahani hadi kisahani, ili kila mbegu ipimwe kwa kuvu ileile. Tuliipenda, na hapo ndipo tulipokosea. Kuvu inayolishwa bila kupigana na mmea haihitaji silaha.

Oddlaug akaipima vinasaba. Jeni inayoanzisha utengenezaji wa sumu ilikuwa imeharibika.

"Babu hana meno," akamwambia Sigbjørn. "Tumeishindanisha oti yangu na kibogoyo."

"Acha hizo, Oddlaug! Wakulima wanaisubiri. Kibali cha kuiuza tumeshaomba, bado sahihi yako tu."

"Watoto watapikiwa uji wa oti hiyo. Sitii sahihi."

"Ukigoma, mbegu yako imekufa."

"Basi na ife. Nataka kuvu ya shambani."

Alikwenda kwa mkulima jirani, akachukua masuke yaliyooza yakawa mekundu-mekundu, akaotesha kuvu yake. Kiangazi kilichofuata akaipulizia oti yake mwenyewe kuvu hiyo. Mezani tulimcheka.

"Mama gani anamshtaki mwanawe?" mmoja wetu akamtupia.

"Mimi. Wewe wako ungemficha?"

Punje zilijaa sumu. Sigbjørn akaanza kunong'ona kwamba huenda mwaka mkavu, usiopendwa na kuvu, ungeleta majibu mazuri zaidi. Msomi anayengoja hali ya hewa imsaidie kusema uongo hastahili mshahara wake, na Oddlaug alimwambia hivyo usoni, mlango ukiwa wazi.

Kisha akawasha trekta, akaingia shambani na plau, akaanza kuifukia oti yake. Sigbjørn alimkimbilia, akipiga kelele kwamba angalau abakize tuta moja. Hakubakiza.