Gati wa Ganzi na Mguu wa Ryoba

Watu wa Nyasura wakikuambia Gati wa ganzi ana roho mbaya, usibishane nao, lakini usiwaamini pia. Ni kweli anafukuza wageni wodini. Anasimama mlangoni mikono kiunoni, na kabla hajamsogelea mgonjwa wa mguu wote mnatoka: baba, mjomba, marika, hata padri. Mwaka juzi alimtoa diwani. Watu wakanuna, wakasema kusoma Moshi kumempa kiburi. Kiburi gani? Wanaosema hivyo wengi wamehamia juzi, ruhusa ya biashara imeshatoka na maduka ya dawa yamejaa. Mwaka themanini na nne hawakuwepo.

Ilikuwa miaka ile ambayo mche wa sabuni ulikuwa habari ya kijiji kizima. Katika hospitali ya misheni alikofanya kazi Gati, nje kidogo ya Bunda, mgonjwa alikuja na uzi wake wa kushonea, wembe wake na mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Dawa ya kutuliza maumivu ndiyo usiseme. Pethidini ilibaki vichupa viwili, vimefungiwa kabatini vikingoja mama wa kupasuliwa. Ukichanwa mguu unapewa aspirini na pole.

Hilo lilimuuma Gati. Kazi yake ilikuwa kulaza watu usingizi, na alichoka kuwaamsha kwenye mateso. Basi daktari mgeni mmoja aliyepita akamwachia boksi la dawa ya ganzi, ile inayodumu, akamfundisha kuichoma nyuma ya goti, pale mshipa mkubwa wa fahamu unapopita kwenda chini. Mguu unalala peke yake nusu siku, mwenyewe yuko macho anakunywa uji. Gati alichoma wagonjwa sita, wote wakamwombea baraka. Mkuu wake, Daktari Eliasi, hakuipenda. Alisema maumivu ni mlinzi. Ukimlaza mlinzi, ukae mlangoni wewe. Gati aliitikia ndiyo daktari, moyoni akamwona mzee wa mambo ya zamani.

Wa saba alikuwa Ryoba, mwana wa Mzee Burito, kijana wa miaka ishirini na minne. Alianguka kutoka juu ya lori la pamba, gurudumu likamvunja ugoko. Huyo ndiye aliyemlimia baba yake. Ng'ombe wa plau walimsikia yeye tu. Alhamisi asubuhi Gati alimchoma ganzi, Eliasi akaunga mfupa kwa chuma, wakafunga hogo, ile plasta ngumu ya chokaa, kutoka pajani hadi vidoleni. Jioni Ryoba alikuwa anacheka na marika wake, na Mzee Burito amekaa kando ya kitanda, fimbo magotini. Gati alirudi nyumbani akiimba.

Ijumaa asubuhi akapita. Kwa hesabu, ganzi ilikwisha usiku. Akauliza kama karatasi ya mgonjwa inavyotaka: unasikia maumivu? Ryoba akamtazama baba yake, akasema hapana. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Gati akaliona, akasema ni joto. Alifurahi, na kwa nini asifurahi? Dawa imeshika kuliko alivyofundishwa, na pethidini imebaki salama kabatini. Akaandika: hakuna maumivu. Saa sita akauliza tena, akajibiwa vilevile, akaandika vilevile. Vidole vya mguu hakuvigusa.

Daktari mgeni angekosea hivyo tungemsamehe. Lakini Gati ni mtoto wa kwao! Yeye mwenyewe alipiga vigelegele siku kaka yake aliposimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Anamjua pia jirani yule aliyekunja uso siku hiyo, ambaye mpaka leo kwenye chungu cha pombe anapewa mrija wa mwisho. Alijua kabisa mwanamume wa kwao haulizwi mbele ya baba na marika kama anaumia. Ukimuuliza, umeshamjibia. Ila alikuwa amevaa gauni jeupe, karatasi mkononi, akasahau alikotoka.

Saa kumi Eliasi akapita mwenyewe, wala hakuuliza kitu. Akabonyeza kucha za vidole, damu haikurudi. Akamwambia Ryoba avikunje, havikukunjika. Vilikuwa vya baridi, rangi ya majivu. Wakalipasua hogo, wakaichana ngozi. Mguu ulikuwa umevimba humo ndani mpaka ukajinyima damu wenyewe, na nyama ilikuwa imekufa. Maumivu ya namna hiyo mtu hayafichi hivihivi. Chini ya mto wakakuta shuka limetobolewa kwa meno.

Gati alingoja Mzee Burito atoke nje, akamuuliza kijana yalianza lini.

"Tangu alfajiri, dada," alisema Ryoba. "Sasa ningefanyaje? Mbele ya mzee hatusemagi."

Jumamosi wakaukata. Ganzi aliichoma Gati mwenyewe, safari hii juu, kwenye paja, Eliasi amemshika kiwiko. Kisha ikambidi akamweleze baba. Alipiga magoti mbele ya mzee kama alivyofunzwa na mama yake, akasema lote: kwamba ganzi haikuua mguu, kilichouua ni swali lake, aliloliuliza mahali pasipoulizwa. Mzee Burito hakumtukana. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kijana alilia wakati wowote, hata kidogo. Gati akasema hapana, baba, hakulia. Akangoja asikie fahari katika sauti ya mzee.

Mzee akavua kofia, akaikunja mkononi.

"Angelia," alisema, "ningemsamehe."

Kitanda cha kijana kilikuwa nyuma ya pazia, hatua mbili tu. Ndipo Ryoba alipoanza kulia.