Nilikaa Katikati ya Bibi na Mkwe Wake

Juzi nimepanda bodaboda kutoka Bariadi kwenda Nyashimo. Lami tupu, nikashuka hata vumbi la kujipangusa sina. Nikacheka peke yangu mpaka dereva akadhani malaria imenipanda kichwani. Wewe rafiki yangu hujui hiyo njia ilivyokuwa. Mimi niliipita nikiwa na miaka minane hivi, na mashimo yake, ng'ombe akitumbukia asubuhi anatokea jioni ana ndama.

Ilikuwa hivi. Mama yangu mdogo aliolewa Nyashimo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwisho. Uchungu ukaanza kumgusagusa, majirani wakamwambia twende zahanati, yeye akashika mguu wa kitanda. "Siendi popote mpaka mama yangu afike." Kichwa kigumu, cha ukoo wetu hicho. Mume wake, baba yangu mdogo, akaazima pikipiki, akatoka alfajiri kumfuata bibi kwetu Bariadi, maana mvua ilikuwa imekata magari yote ya upande wetu.

Sasa shida. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka basi. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hata maneno yanapitia kwa mtu mwingine. Na pikipiki unaijua mwenyewe, kiti chake ni kimoja. Bibi akaizunguka mara tatu kama anayekagua dume mnadani, akasema, "Mleteni huyo mjukuu wangu. Akae katikati, awe ukuta."

Basi nikawa ukuta. Mbele mgongo wa baba mdogo unanuka petroli, nyuma bibi ananukia samli, mkononi kashika kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nilikuwa nachomoa kimoja kimoja, nikidhani haoni. Pikipiki ilipiga kelele mpaka kuku wa Nyalikungu, kule Maswa, wakaacha kutaga.

"Mwambie huyo baba apunguze, utumbo wangu unahama."

"Bibi anasema upunguze."

"Mwambie mama nimeshapunguza, hizi ni kelele za ekzosi tu."

Na wote wanasikiana, mimi sikuwa mlima. Nikachoka, nikaanza kutia chumvi. "Bibi anasema hakuna dereva kama wewe Busega nzima, tukifika unachinjiwa mbuzi." Baba mdogo akafurahi, akavuta mafuta mpaka mwisho. Bibi alinifinya paja, lakini angekanusha vipi, na kusema naye hawezi?

Karibu na Mkula tukakuta korongo limejaa maji mekundu. Baba mdogo akanivusha mimi kwanza, begani, na kikapu cha bibi mkononi. Akarudi kuisukuma pikipiki. Katikati ya maji akateleza, pikipiki ikamlalia mguu, maji yakamfika shingoni. Bibi yuko ng'ambo kule. Ukuta niko huku, nalia.

Bibi alinitazama. Mdomo ukafunguka kama anataka kunituma neno, ukafungika. Akakaza kanga kiunoni, akaingia majini. Akamshika baba mdogo makwapani, kwa mikono miwili, mkwe wake kabisa.

"Inuka, mwanangu. Mke wako anakungoja."

Akamvuta. Nakwambia alimtoa yeye, pikipiki, na kambare wawili juu yake.

Pikipiki ilikuwa imekunywa maji, haikuwaka tena. Tukabebwa na mkokoteni wa ng'ombe uliopakia mpunga. Mzee mwenye mkokoteni akatukagua. "Nyie mlikuwa mnavua kwa pikipiki?" Hakuna aliyecheka. Baba mdogo anatazama kulia, bibi anatazama kushoto, mimi katikati sina hata neno moja la kupeleka. Jua linashuka, na mama mdogo kule kwake, tulivyojua sisi, bado kakumbatia kitanda. Wale ng'ombe, konokono walitupigia honi wakatupita.

Kabla ya kuufikia mji tukaona mama mmoja amesimama mlangoni mwa zahanati ya njiani, anatupungia kitenge. Alikuwa jirani yake mama mdogo.

"Shukeni, yumo humu. Nilimdanganya, 'Twende tukampokee mama yako barabarani,' akaachia kitanda mwenyewe. Nikampakia kwenye gari la dagaa."

Bibi akaingia vile vile na maji yake yanachuruzika. Sisi wawili tukakaa kwenye benchi. Baba mdogo alitafuna kola ya shati lake yote, nadhani alibakiza vifungo. Halafu tukasikia mtoto analia.

Bibi akatoka. Mimi nikasimama upesi nipokee ujumbe. Akanipita. Akasimama mbele ya baba mdogo.

"Umepata binti. Mama yake mzima."

Baba mdogo macho chini. "Mama, yale ya korongoni..."

"Yamekwenda na maji."

Nikarudi kwenye benchi. Siku ile nilifukuzwa kazi bila hata barua.

Leo pale pana daraja, unavuka hujui kama umevuka. Bibi tulishamzika. Wakwe siku hizi wanapigiana simu wenyewe, wengine wanakula sahani moja, na sisemi ni vibaya. Yule binti wa siku ya korongo kakua akimuona baba yake na bibi yake wakicheka pamoja, naye akicheka nao. Ila mara nyingine naikumbuka ile heshima, ilivyokuwa pana mtoto anaenea kukaa ndani yake, na bado bibi akaivuka kwa hatua nne za majini.