Maini ya Beberu wa Idi

Nakumbuka asubuhi moja ya Idi ya kuchinja, pale Mlandege, Iringa, nilipotamani kukimbia kwa miguu mpaka kwetu Zambia. Usicheke, mwanangu. Ningekuwa na njia ya mkato ningeondoka.

Nilikuwa kijana, fundi pikipiki, mgeni nisiye na hata shangazi nchi hii. Mzee Idrisa na mkewe, Mama Zuhura, walinipangisha chumba cha uani wakanilea kama mtoto wao, ingawa wao Waislamu na mimi Mkristo. Mwezi wa Ramadhani walinigongea mlango nikafuturu nao. Nikajiona mwenyeji, najua kila kitu. Ujana huo!

Siku hiyo nyumba nzima ilikwenda kuswali. Mzee akaniambia, "Kijana, niangalizie beberu wangu." Beberu huyo alimfuga mwenyewe tangu mdogo, amchinje kwa Idi hiyo.

"Ondoa shaka, mzee," nikajibu.

Haikupita nusu saa, beberu akajizungushia kamba kwenye nguzo, akaanguka, shingo imebanwa, macho yamemtoka. Nikavuta fundo, wapi! Kwetu mnyama akifikia hapo unawahi kisu nyama isiharibike. Nikawahi kisu. Kisu kile kile kingekata kamba, lakini akili hiyo ilinijia baadaye. Nikamchuna, nikafagia damu, najipongeza kabisa.

Mama Zuhura alitangulia kurudi. Akasimama mlangoni na kanga yake mpya.

"Nani kachinja?"

Sauti ile tu ikanikumbusha. Mwaka mzima nilimwona akipeleka kuku kwa jirani Muislamu achinjiwe, mzee asipokuwepo. Niliona, sikuuliza kwa nini. Hofu ikanishika, nikadanganya.

"Alipita ustadhi mmoja, mama, nikamwomba."

Akashusha pumzi. Mzee alipofika uso ukamshuka, maana aliyechinjwa kabla ya sala hahesabiwi tena kuwa wa Idi. "Basi, ni nyama ya kula tu," akasema. "Mama yangu hajala tangu alfajiri. Mchomeeni maini."

Mama yake, Bibi Mwanaidi, kikongwe wa kushikwa mkono, alikuwa ameketi mkekani. Desturi yao siku hiyo hawali mpaka warudi kutoka kuswali, na yeye tangu utoto wake alifungua kinywa kwa maini. Maini yakaanza kunukia. Mimi jasho linanitoka kwenye baridi ya Iringa. Nikisema, nalala wapi leo? Nisiposema, bibi wa watu anakula asichokijua.

Sahani ikaletwa. "Njoo tule, mjukuu wangu," bibi akaniita. Akasema bismillahi, mkono ukaenda.

"Bibi, usile! Nimechinja mimi!"

Mama Zuhura akashika mdomo. Mzee akainuka, nikajua vitu vyangu vinatupwa nje. Akaiondoa sahani mbele ya mama yake, taratibu.

"Beberu nimekusamehe," akasema. "Kamba niliifunga mimi, na niliifunga vibaya. Lakini umekaa hapa muda wote, unamtazama mama yangu akingoja kula?"

Akatoka. Nililia, mwanangu, na ndevu zangu. Bibi ndiye aliyeninyamazisha. Akala ugali na maharage, akanimegea na mimi. Nyama ile ilipewa majirani Wakristo, na nilitumwa mimi kuipeleka, nyumba kwa nyumba, nikieleza ilikuwaje. Aibu hiyo wacha tu.

Kesho yake mzee alileta mbuzi mwingine, maana siku za kuchinja hazijaisha. Nikajificha chumbani. Akanigongea mlango, "Toka. Wewe shika miguu. Kisu nitashika mimi."

Sasa nina duka la spea hapa Mwanjelwa, Mbeya, mvi zimejaa, na bado nasikia mlango ule ukigongwa. Wewe unakwenda kuishi ugenini. Watakupenda, utazoea, utajiona umeshajua. Hapo ndipo uulize. Kabla hujagusa kitu chao cha ibada, hata kwa nia njema, uliza, waache wakucheke. Na ukiharibu, usingoje. Sema mtu akiwa bado yuko mlangoni anakuuliza, usisubiri mkono ufike kwenye sahani.

Nenda, mwanangu. Mungu akukutanishe na mwenyeji atakayekugongea mlango siku ya pili.